Siku Niliyotafsiri Lawama Zangu

Vijana wangu wa ofisini, siku mliyoniaga nilipostaafu mlinitaka niseme maneno mawili, nikasimama, nikasema asanteni, nikaketi. Mkadhani nimezidiwa na kilio. Kweli yenyewe ni kwamba maneno nilikuwa nayo mengi mno, na pilau ilikuwa inapoa. Sasa niko nyumbani Chumbageni, sina kikao wala taarifa ya mwezi, nimejipa daftari jipya. Nitawaandikia yale ambayo hayamo katika jalada langu. Vyeo sitavitaja, anayevitaka aende masjala, kama panya wamembakishia kitu.

Niliingia kazini nina miaka ishirini, msaidizi wa maendeleo ya jamii. Baba yangu alikuwa Mpemba aliyevuka kuja Tanga kuuza mchele akasahau kurudi. Mama alikuwa Mzigua wa upande wa Handeni. Kwa baba nilipata dini na ukaidi, kwa mama nilipata Kizigua, na Kizigua ndicho kilichonipatia kazi, maana watu wa kwenda bara kwa miguu na kusikilizana na wenyeji walikuwa wachache. Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa viatu vya kisigino. Mkuu wangu alikuwa Mama Eliwaza, Msambaa wa Lushoto, Mlutheri, mrefu, mkavu kama fimbo. Alivitazama visigino kabla ya kunitazama uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivyo utavivaa harusini. Sisi huku tunatembea."

Kesho yake akaniletea raba kuukuu za mwanawe. Zilinizidi, nikajaza matambara kwenye ncha. Kwa raba zile nilijifunza kazi.

Mama Eliwaza hakuwa mtu wa kuhutubia. Alikuwa na mkoba wa ukili, na ndani mna mkeka mdogo, chumvi, kibiriti na penseli, kwa sababu, alisema, wino ukinyeshewa unakana kila ulichoandika. Tukifika kijijini hakuuliza mwenyekiti yuko wapi. Alitandika mkeka wake karibu na wanawake wanaopepeta, akaomba ungo, naye akapepeta. Mimi nilikuwa na haraka ya kujaza fomu, miguu inaniwasha. Siku moja tulipokuwa njiani akaniambia, "Mwanahawa, mtu akikwambia ndiyo upesi, anataka uondoke. Ngoja. Ndiyo ya kweli huja na masharti." Nikaitikia ndiyo upesi.

Mwaka haujaisha, ikaja amri ya kuwakusanya watu waliotawanyika waishi pamoja kando ya barabara, wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Niliiamini amri ile. Nalisema hili msije mkafikiri nilishikiwa fimbo. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimemwona mjamzito akibebwa kwa machela mwendo wa siku nzima, na niliona barabara ndiyo jibu la kila kitu. Mama Eliwaza alikuwa amelazwa hospitali ya Bombo kwa macho, kwa hiyo nikapelekwa peke yangu, pamoja na lori na wanaume wa kutosha, mpaka msitu mmoja nyuma ya Handeni. Nitauita Kwemsanja. Jina lake hasa nabaki nalo.

Kwemsanja walikuwa wakiishi watu wachache, nyumba hazifiki thelathini, waliokula kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Majirani zao wafugaji waliwapa jina lenye maana ya mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. Wenyewe hawalipendi, nami silitumii. Walikuwa na lugha yao ya nyumbani, ila kwa mgeni walizungumza Kizigua. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya lori na kuandika jina la kila anayepanda. Wanaume wakapanda na pinde zao, wanawake na vibuyu. Mbwa hawakuruhusiwa. Walilifuata lori wanabweka, mmoja mmoja wakachoka, wakaketi katikati ya njia wanatutazama.

Jioni nikaandika taarifa yangu ya kwanza. Nilijivunia mwandiko. Niliandika, "Wananchi wa Kwemsanja wamehama kwa hiari."

Mama Eliwaza alipotoka hospitali aliisoma akiwa ameisogeza puani. "Hiari umeiona wewe mwenyewe?"

"Hawakugoma, mama."

"Sikuuliza kugoma."

Akaisaini. Kisha hakunisemesha siku tatu, ila kwa kunipa kazi.

Mvua moja haikupita tukasikia nusu yao wamerudi msituni. Mvua ya pili, wamerudi karibu wote. Hakuna aliyetumwa kuwafuata, maana lori lilikuwa limekwisha matairi. Nami sikuuliza habari zao. Nilijiambia nina kazi nyingi.

Na kazi zilikuwepo, ila vitu havikuwepo. Ninyi mliozaliwa juzi hamtaniamini. Ilifika wakati ofisi nzima ina karatasi moja ya kaboni, tunaazimana kama sindano, mpaka maandishi yakawa kivuli. Taarifa tuliandika nyuma ya fomu za kodi za zamani. Gari letu lilisimamishwa juu ya mawe na kuku wakataga ndani yake. Dereva wetu, Athumani, aliripoti kazini kila asubuhi, akalifuta vumbi, akakusanya mayai. Nguo tulifulia majani ya mpapai. Kwenda vijijini nilipanda baiskeli, na pancha niliziba kwa utomvu. Ukinipa leo mpira na mti wa utomvu nitakuzibia, ingawa siahidi utafika Pangani.

Lakini miaka ile ya dhiki ndiyo iliyonifunza kazi. Huna cha kuwapelekea watu, basi unabaki na masikio. Nilipata kujua kwamba kwenye mkutano wasemaji hukaa mbele na wenye shida hukaa karibu na njia ya kutokea. Nikajifunza kuuliza, "Nani hayupo?" kabla sijauliza lolote. Mama Eliwaza alinitazama nikifanya hivyo mara moja pale Mkinga, akapepea uso kwa kanga, hakunikosoa, na mimi nikafurahi wiki nzima. Kisha akastaafu akapanda zake Lushoto kulima maharage. Aliniachia mkoba wa ukili, na ndani yake chumvi, ambayo siku zile ilikuwa zawadi ya maana kuliko kiti chake.

Halafu ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Kama vile mtu amefungua bomba, maduka ya Usagara yakajaa sabuni zenye manukato, mitumba ikamwagwa chini kwenye magunia, tukachagua makoti ya baridi tusiyokuwa na baridi ya kuyavalia. Ofisini ikaja barua ya kupunguza wafanyakazi. Tulikuwa kumi na mmoja, tukabaki wanne. Athumani alibaki, mimi nilibaki, kwa sababu gani sijui mpaka leo. Na kwa kuwa serikali haikuwa na fedha, kila kilichosogea kilisogezwa na mradi, na kila mradi ulikuwa na mfadhili, na mfadhili mkubwa kuliko wote tulimwita Benki tu, kama vile hakuna nyingine duniani.

Benki ilikubali kukopesha kwa ajili ya kuhifadhi msitu wa Kwemsanja. Sababu ilikuwa nzuri: mito miwili inaanzia mle, na watu wa mbao walikuwa wanaumaliza. Mpaka ungepimwa, nguzo zingesimikwa, na waliomo ndani wangetolewa wapelekwe barabarani. Nilipoliona neno "barabarani" kwenye karatasi, nililisoma tena polepole.

Ila safari hii kulikuwa na jambo jipya. Benki ilikuwa imejiwekea masharti. Penye watu wachache wa asili ya mahali, ambao maisha yao yameshikana na ardhi yao, mkopo hautoki mpaka watu hao waulizwe kwa lugha wanayoielewa, na pawe na mpango unaowahusu wao hasa. Akatumwa mtaalamu kuja kuuliza. Alikuwa mzungu wa makamo, mwenye kofia ya ukindu aliyoinunua sokoni Tanga siku aliyofika, mpole, mwenye kuuliza mpaka unachoka. Athumani alimbatiza Bwana Maswali. Akahitajika mkalimani wa Kiingereza na Kizigua, na ofisini alikuwepo mmoja tu, mimi.

Meneja wa mradi aliitwa Bwana Mhina. Msimfikirie vibaya. Aliupenda ule msitu kwa dhati. Angeweza kukutajia kila mti kwa majina matatu. Aliniita kabla ya safari, akafunga mlango.

"Bi Mwanahawa, hili neno lao hili, wenyeji wa asili, litatuletea fitina. Hapa kwetu nani si mwenyeji? Mimi mzawa, wewe mzawa. Wewe tafsiri 'wananchi', inatosha."

Nilimwelewa. Tumelelewa tusiulizane makabila, na ni malezi mema. Nimeona yaliyozipata nchi jirani zilizoulizana. "Lakini, bwana," nikasema, "sisi wananchi wengine tukitolewa pale tunahamia pengine. Wale wakitolewa, wanahamia wapi?"

"Ndiyo maana tunakwenda kuwauliza. Nusu siku itatosha. Wakikubali, andika wamekubali."

Tukaenda. Athumani aliliendesha gari la mradi, jipya, lenye harufu ya duka, akawa anaongea nalo kwa adabu kama mkwe. Watu wa Kwemsanja walikuwa wamejulishwa. Wanaume walikaa mbele kwenye magogo, wanawake nyuma, wamejibanza ukingoni mwa kiwanja, tayari kuondoka. Bwana Maswali akavua kofia, akaeleza kwa utaratibu: serikali inataka kuutunza msitu, Benki inakopesha, na Benki inataka kujua wao, wenyeji wa asili, wanaonaje.

Nilitafsiri "wenyeji". Sikusema "wananchi". Bwana Mhina, ambaye Kizigua alikisikia kidogo, alikohoa.

Mzee mmoja akacheka. "Mwenyeji ni yule anayempokea mgeni," alisema. "Sisi wageni wakija, wao ndio wanaotuonesha pa kulala."

Watu wakacheka kidogo. Bwana Maswali akauliza kama wanaukubali mpango. Ndiyo. Wana wasiwasi wowote? Hakuna. Wako tayari kwenda barabarani? Tuko tayari. Zile ndiyo zilikuja moja baada ya nyingine, nyepesi, kabla sijamaliza swali. Bwana Mhina akaanza kukunja karatasi zake. Mimi nilikuwa najua ninachokisikia. Nilikuwa najua, na mdomo wangu ukawa unatafsiri "ndiyo, ndiyo", maana mkalimani ni bomba, na bomba halina la kusema.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama kule nyuma. Alikuwa mwembamba, nywele zimenyolewa, ana shuka jekundu lililofifia. Baadaye nilijua anaitwa Nasieku. Alipita katikati ya wanaume, akaja mpaka hatua mbili mbele yangu, akanitazama kama mtu anayesoma.

"Huyu binti namjua," alisema.

Nilikuwa na miaka karibu arobaini. Hakuna aliyekuwa akiniita binti.

"Anasemaje?" Bwana Maswali akauliza.

Bwana Mhina aliinama sikioni kwangu. "Mwambie bibi anawakaribisha."

Nami, Mungu anisamehe, nilikaribia kusema hivyo. Lakini Nasieku alikuwa ameshaanza, na alisema polepole, kama anayenipa nafasi ya kumfuata.

"Huyu ndiye aliyesimama nyuma ya lori na karatasi. Nilikuwa na mtoto mgongoni, Saruni, anachemka homa. Nikamwambia, binti, niache nikae siku mbili mtoto apoe, nitakuja kwa miguu. Akanijibu, panda mama, huko mbele kuna zahanati. Hakuinua uso. Zahanati ilikuwa msingi na mawe. Siku ya nne mtoto akafa. Nilimzika kwenye udongo nisioujua, mbali na watu wake. Tuliporudi huku sikuweza kurudi naye. Sasa leo amekuja tena, na wageni wengine, anatuuliza tunakubali? Mwulizeni yeye. Mara ile ya kwanza tulipokubali, alisikia nini?"

Mama Eliwaza alikuwa amenifundisha kwamba anayesema kwa niaba ya mtu husema kama mtu huyo. Msemaji akisema "mimi", nawe sema "mimi". Basi nikaanza. "Nilikuwa na mtoto mgongoni," nikasema kwa Kiingereza, na sauti ilikuwa yangu na mtoto alikuwa wake. Bwana Mhina akasema, "Hayo ni ya zamani, hayamo katika kilichotuleta." Nikaendelea. Nilitafsiri homa, nikatafsiri siku mbili, nikatafsiri msingi na mawe. Nilipofika kwenye "huyu binti" nikasimama, kwa sababu mgeni hakuelewa anasemwa nani. Nikajiwekea mkono kifuani. "Ni mimi," nikamwambia. "Anayesemwa ni mimi." Kisha nikamaliza maneno yote yaliyobaki, mpaka lile swali la mwisho.

Nikaweka chini daftari la kazi, nikamgeukia Nasieku, na kwa mara ya kwanza siku ile nikasema langu.

"Ni kweli, mama. Nilikuwa mimi. Sikuinua uso. Sikujua kama mtoto alikufa, na sikujua kwa sababu sikuuliza. Miaka yote hii sikuuliza. Nisamehe."

Niliwasikia nyuki kwenye mzinga uliokuwa juu yetu.

"Nawe ulikuwa mtoto," alisema mwisho. "Lakini mwenzio alikuwa mdogo zaidi."

Nililia, vijana wangu. Nililia mbele ya mfadhili, mbele ya meneja wangu, na mbele ya Athumani, ambaye alikwenda garini akarudi na dumu la maji, akanimiminia mikononi ninawe, kama tunavyofanya msibani. Nasieku alingoja nikauke. Halafu akaketi pale pale chini, mbele, kati ya wanaume, akanyoosha miguu.

"Haya," alisema. "Waambie waulize tena lile swali lao."

Bwana Maswali akauliza tena, na majibu yakaja na masharti kama mvua. Msitu utunzwe, ndiyo, na wao wangefurahi kuliko mtu yeyote, maana wenye misumeno wanaangusha miti ya mizinga. Lakini mizinga ibaki ilipo. Makaburi yasiwekewe nguzo juu. Chemchemi ya juu wasifungiwe. Moto wa kurinia asali wanajua kuuzima tangu babu zao. Aje mtu awatazame wakifanya kabla ya kuwakataza. Wakabishana wao kwa wao pia. Kijana mmoja alisimama akasema kwa hasira kwamba yeye anataka barabarani, anataka mwanawe asome, asiwe wa kutazamwa na wageni. Bwana Mhina akachangamka, akamgeukia Nasieku: "Umesikia? Huyo je?" Nasieku akajibu, "Huyo aende. Ni haki yake. Ila aende kwa miguu yake." Yote hayo niliyatafsiri, la kijana na la bibi, bila kupunguza.

Nusu siku iligeuka kuwa siku tatu. Bwana Maswali alitembea nao msituni mpaka kofia yake ikachanika. Niliona wakimrinia asali: mwanamume mmoja juu ya mti, kienge chake cha nyasi kinafuka moshi, na chini mkewe anakanyaga kila cheche inayoanguka, anazihesabu kwa sauti ili asiache hata moja. Tuliandika pamoja taarifa yake katika nyumba ya wageni Handeni. Aliniuliza neno la Kiswahili la kukubali kwa moyo. Nikamwambia yapo mawili, hiari na ridhaa. Akauliza tofauti. Nikamwambia kwamba hiari nimewahi kuiandika pasipo kuwepo, kwa hiyo kwenye taarifa hii tutumie ridhaa. Hakucheka. Akaandika.

Benki ikasimamisha mkopo mpaka mpango wa watu wa Kwemsanja uwepo. Bwana Mhina aliacha kusema nami, na baada ya wiki chache nikapata barua ya uhamisho: niende Ushongo, Pangani, kusimamia vikundi vya akina mama wanaolima mwani. Barua ilisema ni kwa manufaa ya kazi. Adhabu yangu basi ilikuwa kusimama baharini maji ya magotini, nikifunga vipande vya mwani kwenye kamba na kusikiliza wanawake wakiwasema waume zao. Nikipata tena kosa la namna ile nitaomba adhabu ile ile.

Kabla sijakwenda Pangani nilipanda Lushoto. Nilimkuta Mama Eliwaza anapura maharage, haoni tena vizuri. Nilimweleza yote. Aliendelea kupapasa maganda, kisha akasema, "Ile taarifa uliiandika wewe. Lakini niliyeisaini ni mimi." Tukapura furushi zima la maharage mpaka likaisha. Niliporudi alinisindikiza mpaka njia panda, akiwa amenishika mkono, ingawa alijifanya ni kwa sababu ya macho.

Mpango ulichukua karibu miaka miwili. Hawakupata yote. Nyumba zilisogezwa mpaka ukingoni mwa msitu, upande wa chemchemi, na kila mwaka walitakiwa kuandikisha mizinga, jambo lililowachekesha na kuwaudhi. Lakini hawakupelekwa barabarani, mpaka ulipindishwa ukayakwepa makaburi, na wawili kati yao waliajiriwa walinzi wa msitu, ambao waliwakamata watu wa mbao wengi kuliko polisi. Wengine watawaambia ni kidogo. Ni kidogo. Mimi nilikuwa nimeona kidogo kuliko hicho. Bwana Mhina tulikutana baadaye harusini Muheza; akaniletea sahani ya biriani kwa mkono wake, akasema, "Ulinichelewesha, dada." Nikamwambia, "Tulifika, kaka." Tukala.

Nasieku alinitumia ujumbe kwa mmoja wa walinzi wale. Alitaka kwenda kule barabarani kumtafuta mtoto wake, na hakutaka kwenda na mtu mwingine. Nikaomba ruhusa, Athumani akatupeleka. Njiani Nasieku alishika mshipi wa kiti kwa mikono miwili.

Kijiji kilikuwa kimebadilika. Kulikuwa na maduka, mashine ya kusaga, kanisa dogo, na zahanati pia, ya kweli, yenye rangi nyeupe. Nasieku aliitazama muda, akapita. Alikumbuka kilima, na kwamba kaburi lilikuwa upande jua linapochomoza, basi. Tulizunguka asubuhi yote. Palipokuwa pori sasa palikuwa mahindi. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia.

Katika shamba moja alitoka mama wa makamo na jembe begani. Aliitwa Mama Grace, Mkatoliki, watu wake walikuja zamani kutoka kusini kukata mkonge, shamba la mkonge lilipokufa wakabaki. Kizigua hakukijua, na Nasieku Kiswahili alikijua kidogo, kwa hiyo nikasimama katikati yao, mahali pangu pa siku zote.

"Mnatafuta nini, mama zangu?"

Nilimweleza. Alituangalia, akashusha jembe, akasema, "Njooni."

Alitupitisha katikati ya mahindi. Mbele yake palikuwa na mahali ambapo mistari ilipinda, ikazunguka, ikaungana tena upande wa pili. Katikati palikuwa na tuta dogo lililopangwa mawe pembeni, limefyekwa, na maua meupe yamepandwa upande mmoja.

"Tulipopewa shamba tulilikuta kaburi hili," Mama Grace alisema. "Mume wangu alilipima kwa mikono, akasema hili ni la mtoto. Akasema kaburi halilimwi. Hatukujua la nani. Siku ya kuwaombea wafu watoto wangu huliwekea maua, tunasema ni mgeni wetu."

Nilitafsiri, na Nasieku alipiga magoti kabla sijafika mwisho. Alipitisha kiganja juu ya udongo kama anayemfunika mtu shuka. Tukamwacha. Athumani alisimama mbali, kofia mkononi, akasoma Fatiha kimya kwa mtoto ambaye hakuwa wa dini yake, na Mama Grace akafanya ishara ya msalaba, na sidhani kuna aliyeudhika.

Baadaye Nasieku akasema, "Mwambie hakuwa mgeni. Mwambie anaitwa Saruni."

Nikamwambia. Mama Grace alilirudia jina mara mbili, kulizoeza mdomo, kisha akageuka akaita kwa sauti kuelekea nyumbani, "Grace! Toni! Na huyo mdogo! Njooni mumwamkie bibi. Mama yake Saruni amekuja!"

Wakaja mbio, watatu, wakashika mkono wa Nasieku mmoja mmoja, shikamoo bibi, shikamoo bibi. Uji ukaletwa. Tuliketi pale kando ya tuta mpaka jua likawa utosini, na watoto hawakuisha maswali: alikuwa na umri gani, alifanana na nani, alikuwa ameanza kusema? Nasieku alijibu kila moja, nami nikatafsiri mpaka sauti ikakwaruza. Yule mdogo kuliko wote, ambaye hakuwa amesema lolote, akauliza Saruni alikuwa anapenda nini.

Nasieku alifikiri. Kisha uso wake ukafunguka, nikaona alivyokuwa enzi za usichana wake.

"Kupulizwa tumboni," alisema. "Ukimpuliza hivi, pffff, alikuwa anacheka mpaka anapata kwikwi."

Nikatafsiri, na ile pffff nikaifanya vilevile alivyoifanya yeye. Mtoto akacheka, na Nasieku akacheka naye.